Karatasi Zinazopita Mezani Kwangu: Niliyojifunza Kuhusu Ukosefu wa Kazi Arua

Meza yangu ya kuchapa na kutoa kopi iko mwendo mfupi kutoka ofisi za serikali hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Niliipokea kwa mama mdogo, aliyeanza na taipureta ya mkono enzi ambazo umeme ulikuwa wa saa chache tu kwa siku. Mimi nimeongeza kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na kitambaa cheupe cha kupigia picha za pasipoti. Anayetafuta kazi mjini kwetu, awe mhitimu wa Chuo Kikuu cha Muni au dereva aliyeishia darasa la saba, atapita kwenye meza kama hii. Barua ya maombi, CV, kopi za vyeti, barua ya mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji au mtaa, picha za uso. Kwa sababu hiyo nimejua mambo kuhusu ukosefu wa kazi ambayo sijayasikia mkutanoni wala redioni, nami nayaandika kwa kuwa yananiuma.

Mgeni anayeshuka basi la Kampala alfajiri hawezi kuamini kwamba mji huu hauna kazi. Boda zimejaa kila kona, akina mama wamepanga samaki wakavu wa angara na mihogo mikavu, vijana wanapakia saruji na mabati ya kuvuka mpaka kwenda Congo, na Kiswahili cha biashara kinasikika kutoka soko kuu mpaka mtaa wa Oli. Kila mtu ana la kufanya. Hata takwimu huhesabu hivyo hivyo: kwa kanuni za Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata saa moja tu katika wiki inayoulizwa, anahesabiwa ana kazi. Kijana mwenye shahada ya uhasibu anayeendesha boda ya mtu na kupeleka hesabu jioni yumo. Mama aliyeuza nyanya siku moja ya soko naye yumo. Kisha tangu 2013 kanuni zikabadilika upande mwingine: anayelima chakula cha nyumbani tu, asiuze, hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Siwalaumu wanaohesabu, maana lazima wawe na mahali pa kukata mstari. Lakini asilimia inayosomwa Kampala hainielezi kwa nini kijana yule yule anarudi kwangu kila baada ya miezi sita na bahasha ile ile ya kaki.

Nimeshaelewa kwa nini anarudi. Kazi za Arua huja kwa misimu, na hakuna msimu hata mmoja unaoanzia Arua.

Wazee wetu waliyaishi hayo kabla yetu. Serikali ya kikoloni iliiona West Nile, eneo letu hili, kama mahali pa kuchukua nguvukazi: wanaume walipelekwa kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, wengine Buganda kwenye mashamba ya wakulima, wengine jeshini. Babu yangu mzaa mama alikata miwa Kakira, akarudi na baiskeli na kikohozi. Baadaye tumbaku ilileta fedha vijijini kwa miaka mingi, ikafifia, ikaacha mabanda ya kukaushia na vilima visivyo na miti.

Halafu ikaja Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini ya leo. Mkataba wa amani wa Sudan uliposainiwa Januari 2005, ng'ambo ile walihitaji kila kitu kwa mara moja: waashi, mafundi bomba, wapishi, madereva, wauza nyanya. Njia ilikuwa ya Koboko, Oraba, Kaya, mpaka Yei. Mezani kwa mama mdogo zilipita hati za kusafiria na ankara za saruji na bia, na ni nadra sana mtu kuomba kuchapiwa CV. Juba walikuajiri kwa kukuona unafanya. Fundi alipanda lori na mwiko wake, akirudi Krismasi anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Ule ulikuwa msimu mzuri kwa asiyesoma, na sijaona mwingine kama huo. Vita vya Desemba 2013 viliukata, vya Julai 2016 vikaumaliza. Watu walirudi na nguo walizovaa, na madeni waliyokuwa wakiwadai matajiri wa kule yakabaki kule kule.

Julai hiyo hiyo iliyofunga mlango mmoja ilifungua mwingine. Wakimbizi walivuka kwa maelfu. Kambi ya Bidibidi ilifunguliwa Yumbe Agosti 2016, Imvepi Februari 2017, na Rhino Camp, ambayo ilikuwepo tangu 1980, ikapokea watu upya. Kufikia Agosti 2017 wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda walipita milioni moja. Mashirika yalihitaji ofisi, maghala, magari, vitanda vya kulala wafanyakazi, nayo yakaweka makao Arua. Ni vigumu kuisema hivi, lakini ni kweli: mji wetu ulipata mkate kwa sababu ya maafa ya jirani. Wengi wetu hapa tumewahi kuwa wakimbizi au kuzaliwa ukimbizini, Zaire au Sudan, baada ya Idi Amin kuangushwa 1979, kwa hiyo hatukuwapokea kama wageni. Lakini ajira ni ajira, na ilitokana na wao.

Mezani nililiona badiliko hilo kwa wiki chache tu. Walimu wa shule binafsi waliacha chaki katikati ya muhula. Kijana aliyejua Kiarabu cha Juba na Kikakwa alipata ukarimani kabla ya mwenye shahada. Madereva waliharakisha kupandisha daraja la leseni. Kila tangazo lilitaka uzoefu wa miaka miwili katika mazingira ya dharura, na vyuo vya mjini vikaanzisha kozi fupi za usimamizi wa miradi, ufuatiliaji na tathmini. Wenye nyumba walivunja vyumba vidogo wakajenga vikubwa. Mama mdogo, Mungu ampe afya, aliniambia siku moja tukihesabu mauzo: "Mwanangu, usinunue mashine ya pili. Fedha hii ina tarehe ya mwisho." Nilinunua sola badala ya mashine, nayo ndiyo inayoendesha meza mpaka leo umeme ukikatika.

Tarehe hizo za mwisho zipo kwenye kompyuta yangu. Wateja wa muda mrefu huniachia faili zao ili wasichape upya. Lipo la bwana mmoja, nitamwita mhamasishaji kwa kuwa ndiyo kazi aliyoanza nayo. Mwaka 2017 CV yake ilikuwa ukurasa mmoja: shule, cheti cha maendeleo ya jamii, soka. Kila alipokuja niliongeza mstari. Mhamasishaji wa usafi, miezi sita. Mhamasishaji wa lishe, miezi minane. Msaidizi wa ulinzi wa watoto, mwaka mmoja. Ofisa wa kujikimu, miezi sita, ukaongezwa mitatu. Mashirika tofauti, kambi ile ile, mara nyingine dawati lile lile. Kwenye sehemu ya sababu ya kuondoka, ambayo baadhi ya fomu huuliza, tuliandika jibu moja kila mara: mradi umekwisha. Alipanda cheo kweli na mshahara ukapanda, akaoa, akaanza kusomesha wadogo zake wawili. Lakini ukiisoma ile CV kutoka juu mpaka chini huoni kazi moja iliyokua. Unaona kazi ile ile ikifa na kuzaliwa tena.

Mapema 2025 alikuja asubuhi sana, nikiwa bado nafagia.

"Dada, fungua lile faili langu."

"Niongeze wapi safari hii, ndugu yangu?"

"Huongezi. Weka tarehe ya mwisho tu. Februari 2025."

Hakuwa peke yake. Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje kuanzia Januari 20 mwaka huo, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi Julai 1. Mei, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kuwaondoa wakimbizi milioni moja walioko Uganda kwenye mgao. Mtu akisikia habari hizo akiwa mbali anafikiria wakimbizi, na ndivyo inavyopasa, maana wao ndio walioumia kwanza na kuumia zaidi. Lakini chakula kinapokatwa huko, kuna mtunza ghala, dereva wa lori, mlinzi wa lango, mama wa kantini na mwenye nyumba hapa mjini. Kwa miezi kadhaa mashine yangu haikupoa. Nilikuwa napata fedha nyingi kuliko kawaida, na kila noti ilitoka kwa mtu aliyepoteza kazi.

Dalili zilikuwepo kabla, na anayezisoma sasa atajua za msimu ujao. Uhakiki wa 2018 uliwahesabu wakimbizi upya kwa alama za vidole na idadi ikashuka kutoka milioni 1.4 hadi 1.1. Mgao wa chakula ulipunguzwa Aprili 2020, ukapunguzwa tena Februari 2021. Mikataba ya mwaka ikawa ya miezi sita, ya sita ikawa ya mitatu. Na lipo jambo ambalo watu wengi mjini hawakulitilia maanani: Julai 2020 Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji, tukacheza ngoma, lakini wakati huo huo makambi yakawa si yetu tena. Rhino Camp iligawanyika kati ya Madi Okollo, wilaya iliyoanzishwa mwaka uliotangulia, na Terego, iliyoanza Julai ile ile, na Imvepi ikawa ya Terego. Matangazo yakaanza kusema wenyeji wa wilaya watapewa kipaumbele. Kijana wa Oli aliyefanya kazi Imvepi kwa miaka mitatu akajikuta si mwenyeji. Niliwahi kumuona mmoja akirudi kijijini kwa mjomba wake kutafuta barua ya LC ya huko, kitu ambacho mama yake alilia alipokisikia, kwa kuwa waliondoka kijiji hicho kwa ugomvi wa ardhi.

Korona nitaipitia kwa haraka kwa kuwa kila mtu ana yake. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote Januari 2022. Mwalimu wa shule binafsi hakuwa na mshahara kwa karibu miaka miwili. Baadhi ya waliokuja kwangu kuomba kazi za mashirika 2021 walikuwa walimu wazuri sana, na shuleni hawakurudi tena.

Anayeachishwa anabaki na nini? Kwa wengi, NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza 10, na tangu sheria iliyorekebishwa 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Ni akiba nzuri ya uzeeni. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya aliyekosa kazi akiwa na miaka 31. Asilimia 20 inatolewa ukifikisha miaka 45 na umechangia miaka kumi. Aliyekosa kazi kwa mwaka mzima anaweza kuchukua chake akifikisha 50. Uganda haina malipo ya serikali kwa asiye na kazi. Kwa hiyo mhamasishaji wangu ana mamilioni kadhaa kwenye mfuko, anayaona kwenye simu, na ada ya wadogo zake inamshinda. Nimewaona wengi wakikasirika mezani kwangu kwa jambo hili. Nawaeleza sheria ilivyo, kwa sababu nimewahi kuona mtu akimlipa kijana wa mjini amtolee fedha hizo kwa njia ya mkato, na fedha hazikutoka.

Sheria nyingine ambayo watu hawaijui ina faida ya papo hapo. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuomba cheti cha utumishi anapoondoka: amefanya kazi gani, kuanzia lini hadi lini. Omba kabla ofisi haijafungwa. Mwaka 2025 walikuja watu kwangu ambao ofisi zao zilikuwa tayari zimehama, msimamizi amerudi kwao, namba ya simu haipatikani. Miaka minne ya kazi, na hakuna karatasi hata moja ya kuithibitisha isipokuwa beji ya plastiki.

Sasa nije kwenye lile linalonikosesha usingizi.

Kutafuta kazi kunagharimu, na anayelipa ni yule asiye na kitu. Nafasi za wilaya nyingi bado zinaombwa kwa fomu namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma, ile ya 2008, nakala tatu. Kila nakala iambatane na kopi za vyeti vyote: cha darasa la saba, cha S.4 (kidato cha nne), cha S.6 kama kipo, cha chuo, matokeo ya chuo, usajili wa taaluma, kitambulisho cha taifa. Na picha. Na barua.

Binti mmoja muuguzi alikuja kutoka Omugo. Alikuwa amezifunga karatasi zake ndani ya mfuko wa sukari, mfuko ndani ya kitenge, kwa sababu mvua ilikuwa imempiga njiani juu ya boda. Tulizitandaza mezani zikauke. Cheti chake cha usajili kilikuwa kimeingia maji pembeni, wino wa muhuri umeenea kidogo, akanitazama kama vile mimi ndiye tume yenyewe. Nikamwambia, "Unasomeka, mwanangu, usijali." Tulihesabu pamoja. Kopi karibu hamsini kwa shilingi 200 kila moja. Barua. Picha. Bahasha. Kwa mwenyekiti wa LC alikuwa ameshaacha kitu cha muhuri. Nauli kuja na kurudi. Ilifika shilingi 45,000 na bado hajala. Nikamuuliza amezipata wapi. Lejaleja, akasema. Alipalilia mihogo ya watu, shilingi 7,000 kwa siku. Muuguzi aliyesajiliwa, mwenye mikono ya kupokea watoto, alipalilia shamba la mtu kwa wiki nzima ili apate haki ya kuweka jina lake kwenye rundo. Nafasi zilikuwa chache na waombaji, kwa nilivyoziona bahasha za meza yangu peke yake, walikuwa wengi mno.

Na hiyo si mara moja. Orodha ya walioitwa hubandikwa ubaoni, kwa hiyo nauli nyingine ya kuja kuitazama. Ukiitwa, usaili. Ukikosa, tangazo lijalo linaanza upya, na nakala tatu zile za mwanzo hazirudishwi. Vijana wengi hawakosi kazi kwa uvivu. Wanaishiwa fedha ya kutafuta. Huyu anaacha kuomba baada ya mwaka, na akiacha kabisa kutafuta, kwa kipimo cha kawaida cha takwimu hahesabiwi hata kuwa hana kazi, kwa kuwa asiye na kazi ni yule anayetafuta. Nilipoelewa jambo hilo nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Juu ya gharama hizo wanakuja wezi. Mtu anapigiwa simu: jina lako limepita, tuma shilingi 150,000 za mafunzo, tuma za vipimo vya afya, tuma kwa namba hii kabla ya saa kumi. Matangazo ya kweli ya UNHCR, shirika la wakimbizi, na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa husema wazi kwamba hakuna malipo yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Nimechapa sentensi hiyo kwa herufi kubwa, Kiswahili, Kilugbara na Kiingereza, nikaibandika juu ya printa. Watu watatu walishaniambia iliwaokoa, na mmoja alikuwa ameshafungua simu kutuma.

Wapo waliosimama baada ya kila msimu, nami nimewatazama kwa makini kwa kuwa nilitaka kujua wana nini. Fundi mmoja wa pikipiki wa Oli alipata mkataba wa kutengeneza pikipiki za shirika moja. Wenzake waliacha vibanda vyao wakawa wafanyakazi wa ofisi. Yeye alikataa kufunga chake. Asubuhi anatengeneza za shirika, jioni Boxer za vijana wa boda. Fedha ya mkataba alinunulia vipuri na kompresa. Mkataba ulipokwisha hakuna aliyeona tofauti kwenye kibanda chake, kwa sababu wateja waliokuwa wakimlipa elfu tano elfu tano walikuwa bado wapo, na Wacongo wanaokuja kununua vipuri walikuwa wameshamzoea. Mama mmoja aliyekuwa akipikia ofisi alifanya vivyo hivyo kwa masufuria. Siyo kwamba walikuwa na akili kuliko mhamasishaji. Walikuwa na mteja wa mjini kabla mteja wa mbali hajaondoka. Mhamasishaji angemuuzia nani uhamasishaji hapa sokoni?

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa. Tulitegemea jenereta ya mafuta, kisha kituo kidogo cha Nyagak cha megawati 3.5 kilichoanza 2012. Kiwanda gani kingekuja? Gridi ilipotufikia 2024, mtaani kwetu mafundi wawili wa kuchomelea vyuma walichukua vijana wa kujifunza, na kinyozi akaongeza kiti. Ni kazi chache, lakini ni za kwanza nilizoziona ambazo hazikutokana na vita vya mtu.

Serikali inasema vijana waunde vikundi na wajiajiri. Nimechapa katiba za vikundi kuliko ninavyoweza kukumbuka: za mpango wa vijana, wanachama 10 hadi 15, wengine wakikutana kwa mara ya kwanza mezani kwangu kusaini. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, PDM, ulioanza 2022, humpa mwananchi mkopo wa hadi shilingi milioni moja, na nimeona familia iliyonunua mbuzi na kuku ikasogea. Huo ulilenga kaya asilimia 39 zilizo nje ya uchumi wa fedha, na kwao unafaa. Kwa mhitimu anayepanga chumba mjini, asiye na ardhi, mbuzi wa milioni moja atawafugia wapi? Wengi huishia kununua nusu ya boda. Mtaa wetu una boda nyingi kuliko abiria, na nauli inashuka huku petroli ikipanda.

Na mabinti wanakwenda Arabuni. Mwaka huu kopi za pasipoti zimekuwa nyingi kuliko kopi za CV, pasipoti inayogharimu shilingi 250,000, mara nyingi fedha ya mbuzi wale wale. Ninapoona hivyo namkumbuka babu na miwa ya Kakira. Ninawaambia jambo moja tu: wahakikishe wakala ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na waache kopi ya mkataba nyumbani. Kopi hiyo siwatozi.

Mwezi uliopita diwani wetu alikuja kuchapa ripoti nikamshika hapo hapo. Nikamwambia: Mheshimiwa, Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa imeanza kupokea maombi kwa mtandao. Wilaya na jiji hata zisipoweza mtandao leo, ziombe ukurasa mmoja tu, jina, sifa na namba ya simu. Vyeti viombwe kwa wale walioitwa kwenye usaili. Orodha itumwe kwa ujumbe wa simu badala ya kubandikwa ubaoni. Yule muuguzi wa Omugo angetumia shilingi elfu moja, na wiki yake ya palizi angenunulia chakula.

Diwani akacheka, akaiangalia mashine yangu. "Na wewe, mama, utakula nini?"

Nilishapiga hesabu. Kopi za maombi ya kazi ni karibu nusu ya mapato yangu, na ada ya mwanangu wa S.3 inatoka humo. Nitapungukiwa. Nikamwomba aandike pendekezo hilo, nikamchapia mwenyewe, nakala mbili, moja ya baraza na moja ya tume, na nitamuuliza tena kikao kikikaa.